Ruzuku ya Sh10,000 haitafika Januari 2028

Mhariri,

Mjadala wa Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, umetawaliwa na mtaala na mkondo wa amali, yaani mafunzo ya ufundi na stadi za kazi. Fedha za kuendesha shule hazisemwi sana, na hapo ndipo shule za umma zitakapokwama.

Ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni Sh10,000 kwa mwaka. Kiwango hicho ni cha enzi za Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM), mwaka 2002, kilipolinganishwa na dola 10 za Marekani. Leo hazifiki hata dola tano. Tena si zote zinazofika shuleni: Sh4,000 hubaki serikalini kwa ajili ya vitabu, shule hupokea Sh6,000, yaani Sh500 kwa mwezi kwa kila mtoto.

Tuchukue shule ya wanafunzi 800. Kwa mwezi inapata Sh400,000. Mtihani mmoja wa muhula wenye masomo sita, karatasi mbili kila somo, unakula karatasi 9,600, karibu rimu 20. Rimu ikiuzwa Sh12,000, zimekwenda Sh240,000 kabla ya wino. Umeme, maji, chaki na mlinzi vigombanie Sh160,000 zilizobaki. Ndipo mwalimu mkuu anaitisha kikao cha wazazi, na wiki inayofuata anatakiwa aeleze kwa maandishi kwa nini amechangisha wakati elimu ni bila ada. Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ulimwondolea mzazi ada na michango, jambo jema, lakini pengo hilo halikuzibwa lote.

Sasa mzigo unaongezeka. Mtaala mpya ulianza Januari 2024, darasa la tatu likiwemo. Watoto hao watamaliza elimu ya msingi wakiwa darasa la sita mwishoni mwa 2027, pamoja na darasa la saba la mwisho la utaratibu wa zamani. Januari 2028 makundi mawili yataingia kidato cha kwanza kwa mpigo.

Sekondari ya kata iliyozoea kupokea 200 itapokea 400: mikondo 10 ya wanafunzi 40 badala ya mitano. Kwa wale 200 wa ziada, wakiwa nusu wasichana na nusu wavulana, vinahitajika vyumba vitano, viti na meza 200, na matundu tisa ya vyoo, moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Vyumba vinajengeka kwa miezi michache fedha zikiwepo. Mwalimu wa hisabati au fizikia hapatikani hivyo. Ajira yake ianze kupangwa kwenye ikama (mipango ya idadi ya watumishi) za sasa.

Kuna unafuu mmoja ambao halmashauri hazijaupigia hesabu: kuanzia 2028 shule za msingi hazitakuwa na darasa la saba, hivyo vyumba vyake vitabaki wazi. Pale msingi na sekondari zinapopakana, vitumike.

Ombi letu kwa wabunge ni mambo mawili. Kiwango cha ruzuku kiwekwe kwenye kanuni za Sheria ya Elimu, Sura ya 353, na kipitiwe kila mwaka kulingana na mfumuko wa bei. Pili, ruzuku ya Januari 2028 ilipwe kwa idadi ya waliopangiwa shule. Ikilipwa kwa takwimu za mwaka uliotangulia, sekondari itawahudumia 400 kwa fedha za 200.

Wadau wa elimu,
Morogoro