Mkimbiaji akistaafu mpeni maiki

Mhariri,

Salamu kutoka Likoni. Kuna jambo lanikera siku nyingi, wanariadha wetu wakishaacha kukimbia basi hakuna tena anayewauliza kitu. Angalieni Brendan Foster wa Uingereza, alipata shaba ya mita 10,000 Montreal 1976, akaanzisha mbio za nusu marathoni za Great North Run 1981 na riadha akaitangaza BBC miaka na miaka mpaka 2017, na majukwaani pia anaitwa kuzungumza. Hata hapa jirani Tanzania, Filbert Bayi aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974 alikuja kuwa katibu mkuu wa kamati yao ya Olimpiki.

Sasa sisi Mombasa 2007 tuliandaa mbio za nyika za dunia, nilikuwepo pale kwenye gofu, jua lile jamani, mpaka Kenenisa Bekele mwenyewe, yule bingwa wa Ethiopia, akaachia njiani na Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Yule aliyewahi kukimbia kwa joto la pwani ndiye angetueleza vizuri nini kilimpata Bekele, manake mwili wake unajua.

Redio zetu ni mpira kutwa kucha, sawa, lakini wapeni hawa wazee hata nusu saa Jumamosi, na kamati za michezo za kaunti nazo ziwape viti. Mtaani kwetu yuko mmoja anauza madafu karibu na feri, akianza kusimulia mbio zake watoto wote wananyamaza.

Msomaji wenu,
Likoni, Mombasa