Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Moshi

Ndugu wanachama,

Mwaka huu nitazungumzia unyevu kuliko fedha, kwa kuwa unyevu ndio uliotupunguzia fedha tunazopata kwa kuviuzia viwanda vya saruji makapi ya kuchoma tanurini. Katikati ya masika, lori letu la makapi ya mpunga kutoka Mabogini lilirudishwa kwenye geti la kiwanda kimoja cha saruji, baada ya mpimaji kuzamisha mkono ndani ya kiroba na kuutoa umejaa makapi yaliyogandamana, yananuka uvundo. Tundu la turubai halikuzidi kiganja. Nauli ya kwenda na kurudi tuliilipa wenyewe.

Waliosema tumeonewa naomba wanielewe: kiwanda hakinunui uzito, kinanunua joto. Mawe ya chokaa na udongo hayageuki klinka, yaani vipande vigumu vinavyosagwa kuwa saruji, mpaka yafikie takriban nyuzi 1,450 za Selsiasi, na kila lita ya maji tunayopeleka hula joto lile lile ambalo makapi yalitarajiwa kulitoa. Hata yakikauka vizuri, kilo moja ya makapi ya mpunga hutoa karibu nusu tu ya joto la kilo ya makaa ya mawe yaliyo bora.

Faida yetu iko kwenye majivu. Makapi ya mpunga huacha majivu yapatayo moja ya tano ya uzito wake, sehemu kubwa ikiwa silika, madini yale yale ya mchanga. Kwa mchoma matofali hiyo ni kero, lakini kwenye tanuri la saruji silika ni sehemu ya mapishi, nayo huishia ndani ya klinka. Makapi ya kahawa yana joto zaidi, na wenzetu wa Uganda wameyatumia kiwandani Hima, ila hupatikana kwa msimu.

Mabomba ya plastiki na maganda ya nyaya za umeme hatutayapokea tena, kwani klorini yake huganda na kuziba njia za tanuri.

Vilevile, tusiwaambie watu kwamba tunamaliza hewa chafu ya saruji. Zaidi ya nusu ya kabonidayoksaidi hutoka kwenye mawe ya chokaa yenyewe, kuni ziwe za aina yoyote.

Kamati inaomba idhini ya kununua maturubai mapya na kutengeneza chaga za ghalani kabla ya masika yajayo. Wanaowauzia wafugaji wa kuku makapi yao waendelee. Hilo si usaliti. Mweka hazina atasoma hesabu baada ya chai.