Tab ikichelewa, kosa si la kifurushi

Mhariri,

Imeshika mizizi dhana kwamba ukifungua kwa Emacs (programu ya kuandikia na kuhariri faili) faili iliyo kwenye seva ya Ulaya, ukabonyeza Tab ili jina lijikamilishe na skrini ikaganda sekunde tatu nne, dawa ni kununua kifurushi kikubwa zaidi cha intaneti. Sivyo. Orodha ya majina ya faili ni herufi chache, hata kifurushi cha bei ya chini huibeba. Kinachokula muda ni safari, si mzigo.

Dar es Salaam hadi Frankfurt ni kama kilomita 7,000 kwa mstari ulionyooka. Mwanga ndani ya nyaya za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo swali kwenda na jibu kurudi haliwezi kushuka chini ya milisekunde 70, na nyaya zinazopita Bahari ya Shamu hazikunyooka hivyo. Sasa Tramp, sehemu ya Emacs inayoshughulikia faili za mbali, huuliza kwa zamu: njia hii ipo? Ni folda kweli? Ndani mna nini? Maswali 20 ya milisekunde 150 kila moja ni sekunde tatu tayari.

Basi tupunguze maswali. Tramp huhifadhi majibu kwenye akiba, ila kwa kawaida huyaamini kwa sekunde 10 tu. Weka hivi kwenye faili ya mipangilio ya Emacs, ili iyaamini kwa sekunde 60:

(setq remote-file-name-inhibit-cache 60)

Wengi huandika t hapo wakidhani ndiyo "washa". Jina lenyewe linasema "zuia akiba", kwa hiyo t huizima kabisa na Tab huzidi kuwa nzito. Thamani nil nayo hufanya majibu yasichache kamwe. Mwenzako akiongeza faili upande wa pili, hutaiona mpaka uendeshe tramp-cleanup-this-connection. Kwenye seva inayotumiwa na zaidi ya mtu mmoja, nil siishauri.

Punguza pia upekuzi wa matoleo. Kila faili inapofunguliwa, Emacs hutafuta dalili za mifumo ya kutunza matoleo ya faili: RCS, CVS, SVN na mingine ambayo vijana wengi hawajawahi kuiona. Anayetumia mfumo wa Git peke yake aandike (setq vc-handled-backends '(Git)). Na nyongeza zinazotoa mapendekezo kila herufi inapoandikwa, zizimwe kwenye njia za mbali. Tab ya kubonyeza kwa hiari inatosha.

Kuna wanaolalamika kwamba hata jina la seva halijikamilishi baada ya /ssh:, mwanzo wa njia ya faili ya mbali. Hilo halihusiani na kasi. Mifumo ya Debian na Ubuntu huficha majina ndani ya known_hosts, faili inayokumbuka seva ulizowahi kuziingia, kwa hiyo Tramp haiwezi kuyasoma. Orodhesha seva zako kwenye ~/.ssh/config, kila moja na mstari wake wa Host, na majina yatatokea.

Mbinu hizi zote zikigoma na Emacs ikabaki inasubiri tu, kagua kama seva inatumia zsh, programu inayopokea amri. Mapambo ya mstari wa amri humchanganya Tramp, asijue jibu limeishia wapi. Juu kabisa ya .zshrc ya huko weka:

[[ $TERM == "dumb" ]] && unsetopt zle && PS1='$ ' && return

Msimamizi wa seva,
Dar es Salaam