Babu, usiikwangue mibuni

Manchester, Jumapili jioni

Shikamoo Babu,

Najua Neema ndiye anayekusomea. Neema, soma polepole, na Babu akikukatiza mwache aulize.

Juzi kwenye simu uliniambia yale madoa ya kijivu na kijani yamerudi kwenye mashina ya mibuni ya upande wa mfereji, na kwamba umeshanoa panga uyakwangue kabla hayajanyonya mti. Simu ikakatika sijajibu, na tangu siku hiyo nimekuwa na wasiwasi. Nakuomba usiyakwangue. Hayanyonyi mti hata kidogo. Na hayo, Babu, ndiyo hasa niliyokuja kusomea huku.

Wataalamu wanayaita likeni. Ni ndugu wa zile ndevu za kijivu zinazoning'inia kwenye miti kule juu ya msitu, ulizonionyesha mara ya kwanza uliponipandisha mlimani. Ukiitazama likeni kwa darubini unaona si kiumbe kimoja. Kuna kuvu na kuna mwani: kuvu hujenga nyumba, mwani hukaa ndani na kupika chakula kwa mwanga wa jua. Mizizi haina. Imejishika tu kwenye gome, kama kalenda iliyotundikwa ukutani. Maji na chumvichumvi inavipata kwenye mvua, ukungu na vumbi. Tena haina ile nta inayolifanya jani la mgomba liteleze maji, kwa hiyo haiwezi kuchagua. Hewa ikiwa safi inakunywa safi, ikiwa ya moshi inakunywa moshi, na mengi ya yale iliyokunywa hubaki mwilini mwake.

Mji huu uliinuliwa na viwanda vya pamba vilivyochoma makaa ya mawe usiku na mchana. Mwaka 1859 mtu mmoja aliyeandika habari za mimea ya hapa, Leo Grindon, alisema likeni zinapungua kwa sababu misitu ya zamani inakatwa na moshi wa viwanda unazidi. Miaka saba baadaye, William Nylander, Mfini aliyekuwa akiishi Paris, akaandika kwamba katika bustani ya Luxembourg iliyomo mjini humo kuna likeni ambazo sehemu nyingine za mji ule zimetoweka, na kwamba kwa likeni mtu anaweza kupima uzuri wa hewa. Mwaka 1970 Waingereza wawili, Hawksworth na Rose, wakaunda kipimo cha ngazi kwa ngazi: unatazama ni likeni zipi zimo kwenye gome, unakadiria kuna gesi ya salfa kiasi gani hewani. Miti ilikuwa ikitoa taarifa bila waya wala umeme.

Siku hizi salfa imepungua sana na likeni zimerudi mjini. Lakini nyingi zilizorudi ni zile zinazopenda nitrojeni. Kuna moja ya manjano kama kiini cha yai, imejaa kwenye miti ya barabarani. Hapo ndipo kazi yangu inapoanza, maana nitrojeni inayochafua hewa inatoka kwenye magari, inatoka pia kwenye samadi na mbolea, na kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Kuna njia. Nitrojeni ina atomi za aina mbili, nyepesi na nzito kidogo. Hizi haziozi wala hazitoi mionzi, ndiyo maana zinaitwa isotopu thabiti. Katika kila atomi 1,000 za nitrojeni ya hewani, nzito hazifiki nne. Samadi inapokauka juani, amonia nyepesi ndiyo inayotangulia kupaa, kwa hiyo hewa inayotoka mazizini huja na upungufu wa zile nzito. Nitrojeni ya moshi wa magari mara nyingi huwa nazo zaidi. Likeni inakunywa zote mbili na kuzihifadhi. Mimi naikausha, naisaga, napima miligramu chache, nazikunja ndani ya kikombe cha bati kidogo kuliko punje ya mahindi. Mashine inakichoma kwenye joto la karibu nyuzi 1,000, gesi inapitishwa kwenye sumaku, na zile nzito zinapinda kidogo kuliko nyepesi. Tofauti tunayoitafuta ni ndogo mno, tunaihesabu kwa sehemu za elfu. Likeni moja haitoshi kumshtaki mtu. Inabidi kukusanya nyingi, kutoka barabarani hadi mashambani.

Kaboni nayo ina nyepesi na nzito. Mahindi na ulezi hubeba zile nzito zaidi kuliko ndizi, maharage na kahawa, kwa sababu majani yake hukamata hewa kwa njia nyingine. Kwa hiyo katika kibuyu kimoja cha mbege, Babu, ndizi zina alama yake na ulezi una yake. Hata nywele zangu: ncha zake bado zina ugali wa Mama, na karibu na ngozi ni viazi na ngano za huku. Siku niliyoelewa jambo hilo nililia kidogo maabara.

Sasa turudi kwenye mibuni. Unakumbuka ile miaka tuliyokuwa tukipiga mrututu, ile dawa ya shaba, kila msimu, mashina yakawa meupe safi, ukasema mti umepona? Shaba huua kutu ya majani, na likeni pia haiivumilii. Nadhani madoa yamerudi kwa sababu tumeacha kupiga sana. Mbuni wako ukidhoofika, tafuta sababu kwenye udongo, wadudu au uzee wa shina. Na kwangu ni jambo zito kwamba hewa ya kwetu inaandikwa kwenye mashina ya kahawa na hatuna daftari la kuinakili, huku pikipiki na malori yakizidi kila nikija likizo.

Neema, hii ni kazi yako. Usinitumie vipande kwa posta, sampuli zinahitaji vibali. Piga picha tu. Chagua mibuni kumi ya kihambani, pale shambani nyumbani, na miti kumi ya kando ya lami, upande uleule wa shina, usawa wa kifua chako, na uweke sarafu ya shilingi 200 kando ya doa ili nijue ukubwa. Andika tarehe. Rudia mwakani kwenye miti ileile. Babu akuonyeshe ni ipi haikuwahi kupigwa dawa. Yeye anaikumbuka mmoja mmoja.

Mwambie Mama gauni la sufu alilonifumia ndilo ninalolalia.

Mjukuu wako,
Anna