Kwa nini kuta za hoteli ya Langoni hazing'ai

Tangu ile hoteli ya chakula ya Langoni, hapa Amu (Lamu), ifunguliwe tena mikononi mwa mmiliki mpya, haipiti wiki bila mtu kusimama mlangoni mwa karakana yetu, sisi mafundi wa nyumba za mawe tulioitengeneza, na kuuliza: mlikaa mle miezi minne mkifanya nini? Na mbona kuta zenyewe hazing'ai? Wanaouliza ni wateja wetu wenye nyumba za mawe, na wengine ni walaji wa pale ambao muda wote huo walikosa pa kunywea chai wakitoka sala ya alfajiri. Wana haki ya kujibiwa. Na kwa kuwa jibu lenyewe ndiyo kazi yetu ya kila siku, nimeona niliandike lote.

Jana asubuhi nilikwenda kustaftahi huko. Mmiliki, mama aliyekulia Faza akaolewa hapa Amu, alikuwa kaunta. Akaniita, "Ndoo uketi, fundi, mahamri yapo motoni." Mimi kwanza nikauendea ukuta wa upande wa kibla, ule uliotutesa, nikauwekea kiganja chote. Mkono ukatoka mkavu, na vumbi jembamba jeupe la chokaa vidoleni. Siku ya kwanza nilipoitwa kuutazama, niliweka mkono pale pale ukatoka umelowa, na rangi ya kijani imenigandia vipande vipande kama magamba ya changu.

Baada ya hapo ndipo nilipoketi. Mpishi ni yule yule wa zamani, na mbaazi ni zile zile, tui zito limeganda juu kidogo pembeni mwa bakuli. Mama hakutaka kuligusa sufuria la mtu aliyelizoea. Alichoongeza ni mkate wa mofa wa jioni na mchuzi wa samaki, na nawashauri mwende mapema, kwa sababu ukifika baada ya isha utakuta sinia tupu.

Sasa turudi ukutani.

Nyumba ile ni ya mawe ya matumbawe yaliyojengwa kwa chokaa na mchanga, kuta zake unene wa karibu nusu mita. Waliojenga hawakuweka kitu chochote cha kuzuia maji ya ardhini, na mji wetu uko ufukweni kabisa. Ukuta wa namna hii hunywa maji kutoka chini kama utambi unavyonywa mafuta ya taa, na maji yenyewe yana chumvi. Yatapanda tu. Kinachobaki ni kuangalia yatatokea wapi. Plasta ya chokaa ina vitundu vidogo mno, unyevu hupitia humo ukachukuliwa na upepo, na chumvi ikabaki usoni mwa ukuta ambapo ufagio unaifikia. Plasta ikichoka baada ya miaka, unaibandua na kupiga nyingine, na jiwe la ndani linakuwa salama.

Zamani kidogo, kabla ya mama kuinunua hoteli, fundi fulani aliipiga saruji kuta zote za ndani hadi kimo cha kifua, kisha akaipaka rangi ya mafuta. Alifanya alichoombwa: ukuta mgumu, wa kuosha, wa kumeremeta. Lakini saruji na rangi ya mafuta ziliyafungia maji njia ya kutokea. Yakaendelea kupanda nyuma yake, yakaipita saruji, yakafika juu ya vichwa vya walaji, mpaka kwenye ncha za boriti, ile miti ya mkoko inayobeba dari. Chumvi nayo ikaganda ndani, ikafura, ikaanza kuisukuma plasta. Wengi mnaikumbuka ile sehemu karibu na dirisha iliyotumbukia kwenye meza wakati wa chakula cha mchana. Alhamdulillahi, hakuna aliyekuwa ameketi hapo.

Plasta kuanguka si jambo la kutisha sana. Kinachonikosesha usingizi ni boriti. Mti wa mkoko ni mgumu na mchwa hauupendi, ila ncha yake ikilala ndani ya ukuta uliolowa mwaka hadi mwaka, huoza mahali ambapo jicho halifiki. Kutoka chini unaona boriti nzuri nyeusi, imenyooka. Tulipofungua ukuta, boriti sita za chumba cha mbele zilikuwa zimebaki kama mkate uliotiwa chai. Nilichomeka bisibisi kwenye moja ikaingia mpaka kwenye mpini. Watu walikuwa wakila chini yake kila siku.

Kwa hiyo mwezi wa kwanza wote ulikwenda kwa tindo na nyundo ndogo, kuitoa saruji kidogo kidogo. Ukiikimbiza huondoka na uso wa jiwe. Kifusi kikatolewa kwa punda, shogi baada ya shogi, maana vichochoro vyetu mnavijua. Kisha ikaja sehemu iliyowaudhi watu: tuliuacha ukuta uchi wiki nyingi, mlango umefungwa, fundi haonekani. Walaji wakasema tumekula pesa tukatoroka. La. Ukuta ulikuwa ukikauka kwa upepo wa kaskazi, na kila asubuhi kijana wetu mmoja alipita na brashi kavu kuipangusa chumvi iliyotokea usiku. Brashi kavu, nasisitiza. Ukiosha kwa maji unairudisha chumvi ndani ulikoitoa. Tulipanga wiki hizo ziangukie mwezi wa Ramadhani, ambapo hoteli mchana haifanyi kazi, ili mama asipoteze zaidi.

Mawe ya kuziba tuliyaleta kutoka Maweni, kisiwani Manda, na chokaa vilevile. Chokaa hupatikana kwa kuchoma mawe ya matumbawe, na ikitoka kwenye tanuri huwa na kiu kali. Ukiitia maji inachemka yenyewe na kutoa mvuke, ndiyo maana watoto tunawafukuza siku hiyo. Baada ya kuzimwa hivyo kwa maji tunaiacha shimoni chini ya maji wiki kadhaa, mpaka iwe laini kama samli iliyoganda. Mchanga wa pwani hatuutumii hata tukipewa bure, kwa sababu ungekuwa kumtibu mgonjwa wa chumvi kwa chumvi.

Kisha ni tabaka jembamba, kungoja, tabaka jingine, kungoja. Hapa ndipo wateja wengi hutukatia tamaa, nami nawaelewa, kwani kila siku hoteli ikifungwa ni siku bila mauzo. Lakini chokaa haishiki kwa kukauka kama matope. Moto wa tanuri uliifukuza hewa ya kaboni iliyokuwa ndani ya jiwe, na chokaa ikiwa ukutani huivuta hewa hiyo tena polepole mpaka inarudi kuwa jiwe. Ikikaushwa haraka na jua na upepo kabla ya hapo, inapasuka na kuwa unga. Ndiyo sababu mlituona tukining'iniza magunia yaliyolowa madirishani na kunyunyizia kuta asubuhi na jioni. Mtu akikuahidi kumaliza chumba cha namna hii kwa wiki moja, muulize anapiga nini.

Kuna waliouliza kwa nini tusingebomoa ukuta wa kati hoteli ikapata nafasi. Boriti haifiki mbali, kama mita tatu hivi, na ndiyo maana vyumba vya Amu ni virefu na vyembamba. Ule ukuta wa kati ndio unaobeba ncha za boriti za pande zote mbili. Tena Mji wa Kale uko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na mabadiliko ya jengo kama lile hupitia kwanza kwa watu wa Makumbusho ya Taifa. Sisi tunaanza na kibali siku zote. Baraza la nje nalo limebaki. Mama alishauriwa alizibe kwa vioo apate meza mbili zaidi, akakataa, na jana wazee wanne walikuwa wameketi pale na kahawa tungu yao kama vile hawakuondoka.

Jikoni ilibidi tufikiri upya. Ukuta wa jikoni lazima uoshike, hapo hakuna mjadala, na mvuke wa mbaazi huanza kupanda tangu saa tisa usiku. Kubandika vigae juu ya ukuta wa zamani kungeirudisha shida ile ile ya saruji. Tulijenga ukuta mwembamba mbele yake, tukaacha nafasi ya inchi mbili katikati na matundu ya hewa chini na juu, kisha vigae vikabandikwa kwenye huo mpya. Dohani tuliipandisha mpaka juu ya dari ili moshi na mvuke vitoke moja kwa moja. Kazi hii peke yake ilichukua siku kumi na mbili, na ndiyo ninayoionea fahari kuliko zote.

Kuna kona moja haijatulia. Nyuma ya birika la kunawia mikono limerudi doa la unyevu, ukubwa wa sinia. Nililiona jana nikamwonyesha mama mwenyewe kabla hajaniuliza. Halipandi kutoka ardhini, kwa sababu chini yake pakavu. Nashuku bomba la zamani lililozikwa ukutani ambalo hatukulijua. Ijumaa, hoteli ikifungwa kwa sala, tutalifungua. Hatumtozi.

Kwa wenye nyumba na maduka mnaojiuliza kama mna shida hiyo hiyo, mnaweza kuanza wenyewe. Gonga ukuta kwa vifundo vya vidole kuanzia chini. Ukisikia sauti ya debe tupu, plasta imeshaachana na jiwe. Rashia maji kidogo: yakinywewa, ukuta unapumua, na yakitiririka kuna saruji au rangi ya mafuta. Ule unga mweupe unaochomoza, uguse kwa ncha ya ulimi kama hapajapakwa rangi. Ukiwa na chumvi utajua mara moja. Na popote plasta imefura karibu na dari, usingoje. Tuite tuziangalie boriti, na kuangalia tu hatutozi.

Gharama yetu ni ya juu kuliko ya kupiga saruji, kwa sababu siku za fundi ni nyingi. Nalisema hilo mapema ili tusije tukakosana mbele. Rangi utakayopata ni nyeupe ya chokaa, au yenye udongo mwekundu kidogo ukipenda, na kila baada ya mwaka mmoja au miwili itataka kupakwa tena.

Karakana iko wazi asubuhi mpaka adhuhuri. Ukija, njoo na kipande cha plasta kilichodondoka, hata kiwe kidogo kama kaimati. Usikioshe, usikipanguse. Ile chumvi ya mgongoni ndiyo tunayotaka kuiona.