Ami, usinunue koili ya nne

Ami yangu,

Asalaam alaykum. Ama baada ya salamu, sisi huku Unguja wazima, alhamdulillahi, na watoto wanakupa shikamoo. Juzi uliponipigia simu ukaniambia Land Rover imekuzimikia tena njia ya Konde huko Pemba, na magunia sita ya karafuu mbichi nyuma, sikulala vizuri. Najua karafuu mbichi ikilala ndani ya gunia inafanya nini. Inapata joto, inavunda, na ukija kuimwaga kwenye jamvi unaanika mpeta, karafuu iliyoharibika. Watu wamepanda mikarafuu tangu alfajiri, wanawake wamekaa usiku kuchambua makonyo, vile vikonyo vya karafuu, kisha kazi yote hiyo inaharibika njiani kwa sababu plagi hazitoi moto wa kutosha.

Barua hii naiweka wazi kwa idhini yako, maana gari za platini, zile ambazo umeme wa koili unakatwa na vipande viwili vya chuma vinavyofunga na kuachana, bado zipo visiwani na wenyewe wanasumbuka kama unavyosumbuka wewe.

Umesema koili, ile inayokuza umeme wa betri ili plagi zitoe moto, imeshabadilishwa mara tatu na sasa fundi anataka ya nne. Ami, nakuomba usiinunue. Naamini ugonjwa uko kabla ya koili, kwenye umeme unaoifikia, na hata ukifunga koili kumi moto utabaki ule ule wa manjano, mwembamba kama uzi.

Koili haina nguvu yake yenyewe. Ndani yake mna waya mnene uliozungushwa mara chache na waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi sana. Platini zikifunga, umeme wa betri unapita kwenye ule mnene na kujenga sumaku. Platini zikiachana, sumaku inaanguka ghafla, na hapo ndipo volti 12 zinapogeuka maelfu, zikapita kwenye rota, ile inayozunguka ikigawia kila plagi zamu yake, na kuruka kwenye plagi. Basi ukubwa wa moto unategemea umeme uliopita wakati platini zimefunga. Ukipita kidogo, moto mdogo.

Hili nimejifunza kwa hasara. Mwaka wangu wa pili wa ufundi niliitengeneza pikapu ya mzee mmoja, haiwaki asubuhi, ikiwaka inamisi, inaruka mapigo. Nikapima kwenye koili, mita ikasoma volti 12. Nikasema umeme upo. Nikambadilishia koili, platini, waya za plagi, na plagi zote nne, kwa fedha yake. Gari haikubadilika. Siku ya nne ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa napima platini zikiwa wazi. Platini zikiwa wazi umeme haupiti, na waya ulioliwa na kutu hautajulikana, utakuonyesha volti 12 zako zote. Nikaizungusha injini kwa mkono mpaka platini zikafunga, nikapima tena pale pale. Mita ikasoma 8. Volti 4 zilikuwa zinapotea baina ya swichi na koili, kwenye kiungo kimoja cha waya chini ya dashibodi. Nikakikata. Juu mpira mzima, ndani shaba imegeuka nyeusi na inapukutika kama unga.

Fanya hesabu uone, Ami. Koili ya gari kama yako ina ukinzani wa omu 3 hivi. Kwa volti 12 zinapita ampia 4. Kwa volti 8 hazifiki 3. Na nguvu inayohifadhiwa kwenye koili haishuki sawa na umeme, inashuka kwa mraba wake, kwa hiyo moto wa yule mzee ulikuwa chini ya nusu. Hapo bado selfu, mota ya kuwashia injini, haijavuta betri.

Sasa wewe uko Pemba, gari inalala uwanjani, upepo wa bahari unapita juu yake mwaka mzima, na masika yanaingia mpaka chini ya boneti. Kila kiungo cha shaba kinaota kijani. Ndiyo maana nataka uanze hapo kabla hujanunua chochote.

Tumia ile hendeli ya kuwashia uliyoiweka nyuma ya kiti. Swichi iwe imezimwa, gea iwe huru, kifuniko cha distribyuta, ile nyumba ya platini na rota, kimetolewa. Zungusha polepole huku mwanao akitazama platini, zikifunga asimamishe. Hapo washa swichi. Waya mweusi wa mita uwe kwenye negativu ya betri, kwenye nguzo yenyewe na si kwenye bodi. Mwekundu uguse kwanza positivu ya betri, uandike. Kisha uguse upande wa koili unaopokea umeme wa swichi, uandike. Tofauti ikizidi nusu volti, kuna kiungo kibovu njiani, kitafute kwa kupima kila kituo mpaka ukifikie. Kisha gusa upande wa pili wa koili, ule unaokwenda kwenye distribyuta. Hapo mita isome karibu na sifuri. Ikisoma nusu volti au zaidi, platini ni chafu, au waya wa athi wa injini, ule unaorudisha umeme kwenye betri, umeoza, au ni ule waya mdogo laini ndani ya distribyuta. Huo uvute taratibu kwa vidole. Unatikisika kila sahani ya platini inaposogea, na aghlabu hukatikia ndani ya ngozi yake huku nje ukiwa mzima.

Ukimaliza kupima zima swichi mara moja. Nakuomba hili kwa msisitizo. Swichi ikibaki imewashwa na platini zimefunga, koili inapikika, na pengine ndivyo moja ya zile tatu ilivyokufa, wakati fundi anatafuta kosa na ufunguo umo.

Platini zisugue kwa msasa laini, uzifute kwa kitambaa safi, uziweke baina ya milimita 0.35 na 0.40 zikiwa wazi kabisa. Zikiachana sana muda wa kufunga unakuwa mfupi, sumaku haiwahi kujaa. Zikibanana zinaungua. Ukiona zimechomeka, upande mmoja kishimo na wa pili kichuguu, na zinarusha cheche za buluu injini ikizunguka, mshuku kondensa, kile kikopo kidogo kinachozuia cheche kwenye platini. Kondensa mpya za siku hizi nimeona nyingi zinakufa mapema, kwa hiyo ile ya zamani usiitupe mpaka mpya ijithibitishe.

Kisha subiri usiku. Zima taa ya uwani, fungua boneti, washa injini na utazame bila ya kugusa kitu. Mwaka juzi nilipokuja Idd tulisimama hivyo mimi na wewe, na nilikuonyesha uzi wa buluu ukitambaa juu ya waya wa plagi ya tatu, unaruka kwenda kwenye chuma. Moto uliokuwa wa plagi ulikuwa unamwagikia nje. Waya ule tuliubadilisha, lakini kifuniko cha distribyuta hatukukitazama vizuri. Kitoe ukitazame ndani kwa tochi. Ukiona mstari mweusi mwembamba kama wa penseli, umeme umeshajichimbia njia, na unyevu ukiingia tu gari inazima. Kuufuta hakusaidii, badilisha kifuniko.

Uliniambia fundi alitoa plagi akaiweka juu ya injini, ikatoa moto, akasema moto upo. Ami, nje hewa ni nyepesi na cheche dhaifu inaruka. Ndani ya silinda hewa imeshindiliwa, na inahitaji volti nyingi zaidi kuivuka. Kwa hiyo moto unaoonekana nje unaweza kushindwa ndani. Afadhali ushike waya wa kati wa koili kwa plaizi yenye mpini wa mpira, ncha yake iwe kama milimita 6 kutoka kwenye chuma, mtu apige selfu. Unataka cheche ya buluu, nene, inayotoa sauti. Mbali na petroli, na usishike kwa mkono mtupu.

Nakuja kwa boti ya Jumamosi inshallah, nashuka Mkoani, niko kwako kabla ya magharibi. Naleta mita yangu, waya mpya wa shaba, platini na kifuniko. Mpaka hapo karafuu zibebe kwa gari ya jirani hata kama atataka nauli. Na zile koili tatu za zamani usizitupe wala usimpe mtu. Nataka kuzipima moja moja.

Wassalaam,
mwanao wa Unguja