Mama Nasra, usizishushe taa za Idi

Mama Nasra shoga yangu,

Asalaam aleikum. Za siku? Huku Dallas wazima, mzee anakusalimu. Salamu ni fupi maana ile barua ya HOA, chama cha wenye nyumba cha mtaa wenu, uliyonitumia picha yake inanisumbua, na siku za kujibu zinakwenda.

Usiondoe kitu kwa hofu. Wamekuandikia bango la mgombea, bendera na taa kama kosa moja, lakini sheria ya Texas inavitazama kila kimoja kivyake.

Taa za Idi zina kinga. Tangu 2021, HOA hairuhusiwi kukataza vitu vya kidini ambavyo mwenye nyumba ameviweka kwa imani yake ya kweli. Mwezi na nyota yako vimo, si Krismasi peke yake. Ila ule waya uliouvusha mpaka nguzo ya taa ya barabarani ushushe leo hii. Nguzo si yako, na hapo wana haki.

Bango la yule mama anayegombea bodi ya shule nalo lina kinga, kwa muda: kuanzia siku 90 kabla ya uchaguzi, na liondoke kabla ya siku ya 10 baada yake. Wanaweza kukudai liwe moja kwa kila mgombea, lisimame ardhini na lisizidi futi 4 kwa 6. Lako la inchi 18 kwa 24 halina tatizo, lakini yatoe yale maputo, hayo wanaweza kuyakataza. Tena lisogeze. Kile kipande cha majani kati ya njia ya miguu na barabara ni njia ya umma, na jiji huyazoa mabango ya hapo. Mwagilia ardhi kwanza, udongo wa Houston ukikauka hupinda miguu ya waya ya bango. Kanyagia miguu ya waya kwa kiatu, usisukume bango lenyewe, plastiki itapasuka.

Bendera ndiyo inayoniuma. Sheria inataja ya Marekani, ya Texas na za majeshi ya Marekani. Ya Tanzania haimo, kwa hiyo hapo inategemea kanuni za mtaa wenu zinasema nini.

Baba Salma anasema katiba inakulinda. Ile kesi anayoitaja ni ya Margaret Gilleo wa Ladue, Missouri, aliyeshinda Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1994 kwa bango lake la kupinga vita. Lakini aliyeshtakiwa pale ni jiji, yaani serikali. HOA si serikali, ni mkataba unaokufunga tangu uliponunua nyumba. Usiende kwenye kikao cha bodi ya HOA na kesi hiyo, watakusikiliza tu na kukutoza faini.

Nenda na karatasi. Tafuta kanuni zao kwenye kumbukumbu za ardhi za karani wa kaunti: kanuni ambayo haikusajiliwa huko haina nguvu. Kabla ya faini, lazima wakutumie notisi kwa posta yenye uthibitisho, waeleze kosa, wakupe muda wa kurekebisha, na wakuambie una siku 30 tangu notisi ilipotumwa kuomba kikao na bodi. Omba kwa maandishi, ubaki na nakala. Ushahidi wao wanatakiwa kukupa siku 10 kabla ya kikao; wasipokupa, una haki ya kuahirishiwa siku 15. Na narudia kuhusu taa: ziandikie aya yake peke yake, usizichanganye na bendera, maana wakikushinda kwenye bendera watadhani wameshinda yote.

Sasa niambie. Barua ina tarehe gani? Ilikuja kwa rejesta au ilibandikwa mlangoni? Wametaja namba ya kifungu? Nyumba yenu iko kaunti ya Harris au mmeshaingia Fort Bend? Jirani wa kona, yule mwenye bendera ya timu, naye kaandikiwa? Na Nasra matokeo yake vipi?

Nijibu usiku huu ukiweza, nikusaidie kuiandika barua ya bodi.

Wako,
Zuhura